Beryl Markham: alirudi mikono mitupu, lakini mikono ilijua farasi



Wale waliokuwa kwenye mkutano wa mwisho wanakumbuka vile mambo yalikwenda. Tulikuwa tunasikiliza maombi ya memba wapya, wale wanaoomba mkopo wa kuanzia kazi. Mama mmoja alisema anajua kushona, tukaandika. Kijana mmoja alisema anajua kuunga chuma, tukaandika. Kisha akasimama baba mmoja aliyerudi kutoka Zambia. Yeye alisema anajua farasi. Watu wakacheka. Farasi, hapa Kasomeno? Huku tunajua baiskeli, pikipiki na malori ya makaa. Mwenye kutaka kuona farasi aende mjini, pale Cercle Hippique.

Baba yule hakukasirika. Alieleza kama alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba moja karibu na Lusaka. Alisafisha farasi, aliwalisha, aliwasindikiza kwenye mashindano ya polocrosse, ule mchezo wa kupanda farasi na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu. Hakuna aliyemkalisha kwenye benchi ya shule. Alijifunza paka kwa kutazama na kusugua. Ilifika siku akawa anaangalia farasi akitembea hatua kumi, na anajua kama leo atacheza vizuri ao hapana. Lakini aliporudi na kuomba kazi kwenye ofisi moja, walimwomba diploma. Kwenye fomu, pale pa kuandika masomo, aliacha wazi.

Komite ilibaki na ulizo: ujuzi uliopatikana kwa macho na mikono, bila karatasi, tuuhesabu kuwa kazi ao hapana? Hatukujibu siku ile. Tuliahidi kwamba katika toleo hili, pale tunapoandika kila mara maisha ya mtu mmoja aliyeondoka na kurudi, tutatafuta mtu wa farasi. Tumempata. Ni mwanamke, aliishi Kenya, na amekufa zamani, mwaka 1986. Maisha yake hayafanani na yetu kwa kila kitu, na hatutaficha pale yanapoachana na yetu. Lakini yana mambo mawili ambayo kila aliyerudi atayafahamu haraka.

Mtoto wa Njoro

Beryl Clutterbuck alizaliwa Uingereza tarehe 26 mwezi wa 10 mwaka 1902. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi wa mashindano. Beryl alikuwa bado mtoto mdogo wakati familia ilihamia Afrika ya Mashariki ya Waingereza, inchi ambayo leo ni Kenya. Walikaa Njoro, karibu na Nakuru, juu kwenye Bonde la Ufa, mahali pa baridi na pa miti mikubwa. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika kwenye ziwa Victoria mwaka 1901, na kwa njia ya reli ile walowezi walipanda na ng'ombe, mashine, na farasi pia.

Tuseme jambo moja wazi, ju wasomaji wetu wanajua maana ya kuondolewa kwenye udongo wao. Udongo ule haukuwa mtupu. Mwaka 1904, kwa mapatano na serikali ya Waingereza, Wamasai walihamishwa kutoka sehemu hizo za Bonde la Ufa. Mlowezi mmoja tu, Lord Delamere, alipewa eka 100.000 pale Njoro. Kwa hiyo shamba ambalo mtoto huyu alijifunzia kazi lilisimama juu ya hasara ya watu wengine. Yeye alikuwa mtoto, hakupanga vile. Lakini ukweli ni ukweli.

Mama yake hakuweza maisha yale. Alirudi Uingereza pamoja na kaka wa Beryl, na Beryl akabaki na baba. Baba alikuwa na shughuli za shamba, za mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, na za farasi. Basi mtoto alilelewa na shamba zima. Rafiki zake walikuwa watoto wa Wanandi na Wakipsigis waliokuwa na wazazi wao pale. Aliongea Kiswahili na lugha yao. Mzee mmoja, arap Maina, alimwonyesha kuwinda. Mtoto wa mzee yule, jina lake Kibii, alikuwa mwenzake wa kila siku. Mshikeni vizuri huyu Kibii, tutarudi kwake.

Shule haikumshika. Walimpeleka Nairobi, akakaa muda, mwisho wakamfukuza. Akarudi Njoro, kwenye banda la farasi, na banda lile njo ilikuwa shule yake.

Alijifunza vipi?

Hapa tukae kidogo, ju ni hapa baba yetu wa Lusaka atajiona.

Kazi ya farasi wa mashindano haianzii uwanjani. Inaanza gizani, mbele jua halijatoka. Saisi, ni kusema mtunza farasi, anaingia bandani. Kwanza anaangalia chombo cha chakula: farasi amemaliza nafaka yake ya jana jioni, ao amebakiza? Aliyebakiza ana jambo. Kisha anamsugua kwa burashi, shingo, mgongo, tumbo, mpaka miguuni. Wengi wanafikiri kusugua ni kutafuta uzuri. Hapana. Ni kusoma. Mkono unapita juu ya kano za mguu, pale nyuma chini ya goti, na kama kuna joto kidogo kuliko jana, saisi amejua mbele ya kila mtu kwamba farasi huyu leo asikimbizwe. Anainua kwato moja kwa moja, anatoa udongo na mawe. Anasikiliza pumzi. Anaangalia masikio, ju farasi anasema mambo mingi kwa masikio.

Na Afrika ina masharti yake. Kuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na vijidudu vidogo vinavyouma usiku. Kwa hiyo mtu mwenye akili anaingiza farasi wake bandani mbele giza halijaanguka. Kule kwenye mbung'o farasi hadumu. Njo maana sisi wa Katanga hatukukua na farasi, na njo maana farasi wa Kenya walishikamana na milima ya baridi.

Beryl alikuwa ndani ya mambo hayo toka utoto. Aliamka na wasaisi. Alimtazama baba yake akichagua farasi, akipima mwendo wao asubuhi, akikataa kumkimbiza mmoja ambaye machoni pa wengine alikuwa mzima. Hakuandika kitu. Alipanda farasi wa kuzoeza akiwa mtoto bado. Katika kitabu alichotoa baadaye alisimulia vile farasi dume mmoja mkali, Camciscan, aliyeletwa kwa meli toka Uingereza, alimpiga somo kubwa: kama mnyama wa namna ile haushindani naye nguvu, unatafuta mapatano.

Alisimulia pia usiku wa kuzaa kwa farasi jike anayeitwa Coquette. Baba alimwachia msichana kazi yote ya kulinda mimba ile. Alikaa bandani na wasaisi, siku nyingi, akingoja. Mtoto wa farasi alipotoka akiwa hai, baba alimpa kuwa wake. Alimwita Pegasus. Huo njo ulikuwa mshahara wake wa kwanza.

Baba anaondoka

Vita ya kwanza ya dunia ilipita. Arap Maina alikufa katika vita ile. Beryl aliolewa mwaka 1919, hajafikisha miaka 17, na ndoa ile haikudumu. Kisha jua kali likakausha mashamba. Baba yake alikuwa amefunga mapatano ya kutoa unga kwa bei iliyopangwa mbele, na bei ya nafaka ikapanda. Alilipa mpaka akaisha. Shamba likauzwa, farasi wakauzwa. Clutterbuck akavuka bahari kwenda Peru kutafuta kazi ya farasi, na binti akabaki.

Alikuwa na nini? Pegasus, tandiko, mifuko miwili, na yale aliyoyaona bandani tangu akiwa mtoto. Alipanda kwenda Molo, kwenye baridi zaidi, akaomba wenye farasi wamwachie wanyama wao awazoeze. Alipewa leseni ya ufundi wa farasi wa mashindano akiwa bado kijana kabisa. Kwa mwanamke, jambo hilo lilikuwa halijaonekana Kenya. Watu walicheka, sawa tulivyocheka sisi kwenye mkutano wetu.

Njo wakati ule Kibii alimrudia. Alikuwa amepita jando, sasa ni mwanaume mzima, na jina lake ni arap Ruta. Walicheza pamoja wakiwa watoto, sasa alikuja kuomba kazi. Beryl alikuwa mwajiri, arap Ruta mfanyakazi. Dunia ya ukoloni haikuwaachia njia nyingine. Lakini bandani walikuwa wawili wenye ujuzi mmoja. Yeye ndiye alilala karibu na farasi, yeye ndiye alijua kwanza joto la kano.

Wise Child na miguu yake

Sasa tufike kwenye mashindano yenyewe.

Waingereza wana mbio moja ya zamani inayoitwa St Leger, iliyoanza Doncaster mwaka 1776. Ni mbio ya farasi wa miaka mitatu, na ni ndefu. Haimpendi mwenye haraka tu, inamtaka mwenye pumzi. Walowezi waliileta Kenya na jina lake. Beryl alikuwa anamwandaa farasi dume anayeitwa Wrack, mwenye nguvu, mwenye kutajwa na kila mtu kuwa atashinda. Alivyosimulia mwenyewe, zilipobaki wiki 12 tu mwenye Wrack alimwondoa na kumpeleka kwa fundi mwingine. Marafiki walikuwa wamemwambia kwamba farasi wa bei ile haachwi mikononi mwa msichana.

Mfikirie. Kazi ya miezi mingi, jasho lake na la arap Ruta, inatoka mlangoni na kwenda kumtajirisha mwingine. Wangapi kati yetu tumeona vile kule tulikokuwa? Tulilima, mavuno yakavunwa na mwenye makaratasi.

Kilichobaki kilikuwa farasi jike anayeitwa Wise Child. Alikuwa na moyo na mwendo, lakini kano zake ziliharibiwa mbele kwa kukimbizwa sana kwenye udongo mgumu. Fundi mwenye haraka angemwona kama kitu kilichokwisha. Beryl na arap Ruta walikuwa na wiki 12. Hawakuwa na dawa ya ajabu. Walikuwa na mikono. Walisugua miguu ile asubuhi na jioni. Waliifunga bendeji. Walimtembeza pale ambapo wengine wangemkimbiza. Walimpa mbio kidogo tu, ya kutosha kuamsha pumzi lakini isiyotosha kuumiza kano, na kila siku mkono ulipita tena kuuliza: joto limeongezeka ao limepunguka? Hiyo hesabu haiko kwenye kitabu cha shule. Ukikosea kwa siku moja, wiki zote zimepotea.

Mwaka 1926 Wise Child alikimbia St Leger ya Kenya kule Nairobi, na Wrack alikuwa ndani. Karibu na mwisho miguu ilianza kumwacha. Aliendelea. Alishinda.

Wale waliomtoa Wrack walirudi nyumbani na farasi mwenye miguu minne mizima na bila kombe.

Miaka ya ndege, kwa ufupi

Watu wengi ulimwenguni wanamjua Beryl kwa ndege, siyo kwa farasi. Tutapita haraka. Aliolewa tena mwaka 1927 na Mansfield Markham, na jina hilo njo lilimbakia. Walipata mtoto mwanaume. Ndoa ile nayo ilivunjika. Alijifunza kurusha ndege pale Nairobi na rubani Tom Campbell Black, akapata ruhusa ya kurusha kwa malipo, akabeba barua, wagonjwa na wawindaji. Arap Ruta alihama naye kutoka bandani kwenda kwenye ndege. Aliipangusa, aliitunza, aliitazama sawa farasi.

Tarehe 4 mwezi wa 9 mwaka 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea upande wa magharibi, upepo ukimpiga usoni. Baada ya zaidi ya saa 20 juu ya bahari ya Atlantiki, mafuta yaligoma kupita na ndege ikaanguka kwenye matope ya Cape Breton, Kanada. Alitoka akiwa hai. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka peke yake toka Uingereza kwa upande ule mbele yake. New York ilimpokea kwa kelele kubwa.

Kisha aliishi Kalifornia, akaolewa mara ya tatu, na mwaka 1942 akatoa kitabu cha maisha yake, West with the Night. Kuna wanaosema bwana yake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa na mkono mkubwa ndani ya maandishi yale, wengine wanakataa. Kitabu kilisifiwa, lakini ilikuwa wakati wa vita, kikauzwa kidogo na kusahauliwa. Ndoa ilikwisha. Falanga zilikwisha.

Kurudi

Ilipokaribia mwaka 1950 Beryl alirudi Afrika. Wandugu, someni sehemu hii polepole.

Alikuwa na karibu miaka 50. Hakuwa na shamba. Hakuwa na farasi hata mmoja. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye magazeti ya ulimwengu miaka kumi na zaidi mbele, lakini gazeti la zamani halilipi nyumba. Wale waliokuwa vijana wakati wa Wise Child walikuwa wamezeeka, na wapya hawakumjua. Alianzia kwa kukaa kwenye nyumba za marafiki. Ni sisi kabisa. Nani kati yetu hakulala kwanza kwenye sebule ya ndugu, na watoto wa nyumba wanakuangalia wanaulizana mgeni huyu ataondoka lini?

Lakini mikono haikuwa imesahau. Katika miaka ya 1950 alirudia kazi ya farasi. Alianza na wanyama wachache wa watu wengine. Alifanya yale yale ya Njoro: kuamka gizani, kuangalia chombo cha chakula, kupitisha mkono mguuni. Uwanja mpya wa mashindano ulifunguliwa mwaka 1954 kwenye barabara ya Ngong, Nairobi, na hapo jina lake lilianza kusikika tena. Akawa mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa farasi katika historia ya Kenya. Mbio kubwa ya inchi ile, Derby ya Kenya, farasi wake waliishinda mara 6. Mwanamke aliyerudi bila kitu!

Hatusemi alikuwa mtakatifu. Waliofanya kazi naye walimjua kuwa mkali. Aliweza kuazima na kusahau. Aligombana na wenye farasi. Katika miaka ya 1960 aliondoka tena kwenda Afrika ya Kusini, mambo hayakutengenea kule, akarudi Kenya mara ya pili. Kwa hiyo hata kurudi kwenyewe siyo jambo la siku moja. Wengine tunarudi mara mbili.

Uzee, na barua moja

Mikono inazeeka. Beryl alipopita miaka 70 alikuwa na farasi wachache, na falanga zikawa kidogo tena. Jockey Club ya Kenya ilimpa nyumba ndogo ya kukaa pale kwenye uwanja wa Ngong. Aliamka na kusikia kwato za farasi wa wengine. Wezi walivunja nyumba yake wakampiga. Kama pasingekuwa na nyumba ile ya kupewa, na rafiki waliopita kumwona, tungekuwa tunaandika mwisho mwingine.

Kisha jambo la ajabu likatokea mbali. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyewahi kuwinda Kenya, alikuwa ameandika barua kwa rafiki yake mwaka 1942, akisifu kitabu cha Beryl mpaka akajiona mwenyewe mdogo mbele yake. Barua ile ilikuja kuchapishwa pamoja na nyingine, Hemingway mwenyewe akiwa amekufa. Mtu mmoja wa Kalifornia mwenye mgahawa, George Gutekunst, aliisoma, akatafuta kitabu, akakipenda, akahangaika mpaka kikachapishwa tena mwaka 1983. Safari hii kilinunuliwa sana. Falanga zilimfikia bibi mwenye miaka zaidi ya 80 kwenye nyumba ya kupewa, na miaka yake ya mwisho ikapata nafuu. Alikufa Nairobi tarehe 3 mwezi wa 8 mwaka 1986.

Angalieni vizuri. Nafuu ile ilitoka kwa mtu asiyemjua, aliyesoma barua ya mtu aliyekufa. Ni bahati. Hakuna memba wa chama chetu anayeweza kupanga uzee wake juu ya bahati ya namna hiyo. Ile nyumba ya uwanjani haikuwa bahati. Watu wa kazi yake walikaa wakasema huyu ni wetu, asilale nje. Hilo linapangika, na njo sababu sisi tulianzisha kisanduku chetu.

Na arap Ruta?

Tuliahidi kurudi kwake. Arap Ruta alijifunza mahali pale pale, kwa njia ile ile: macho na mikono. Miguu ya Wise Child ilikuwa kazi yake pia. Lakini kwenye mashindano yale waliandika jina la mwenye farasi, la fundi, na la mpandaji. Kwa saisi hapakuwa na mstari. Tunamjua leo kwa sababu moja tu, rafiki yake wa utoto alimweka ndani ya kitabu. Otieno na Toombo, wasaisi wengine wa Njoro, vilevile. Mamia ya wengine waliosugua farasi wa Kenya hawana hata hiyo.

Tulipokuwa tunaandika maisha haya tulianza tukifikiri kwamba baba yetu aliyerudi toka Lusaka anafanana na Beryl. Sasa tunaona anafanana zaidi na arap Ruta. Anajua kila kitu ambacho fundi anajua, na kwenye karatasi yupo sawa mtu asiyejua kitu. Ile nafasi aliyoiacha wazi kwenye fomu siyo yeye aliyeifanya kuwa tupu. Ni fomu isiyojua kuuliza.

Kwa hiyo komite inaleta mambo mawili kwenye mkutano ujao, na tunaomba kila memba aje na wazo lake.

La kwanza: baba yetu haombi farasi. Anaomba mkopo wa kununua visu vya kwato, burashi, bendeji na dawa za ngozi, azunguke kwa wenye mbuzi, ng'ombe na punda wa huku kwetu. Mkono uliojua joto la kano ya farasi utajua la ng'ombe. Sisi wa komite tunaona apewe, kwa masharti yale yale ya fundi cherehani na fundi chuma. Mtaamua ninyi.

La pili: tufungue daftari. Kila memba aliyerudi atakaa na katibu, na hatutamwuliza amesoma wapi. Tutamwuliza mikono yake inajua nini, aliitazama kwa nani, na kwa miaka mingapi. Tutaandika na jina lake. Wafadhili wetu wanatuuliza kila mara tunahitaji nini. Hapa tunahitaji daftari nene, kalamu, na mtu wa kutusaidia kupiga chapa yale tutakayoandika.

Na kwa wazee wetu ambao mikono imechoka, mchango wa kisanduku unaendelea kila mwezi sawa kawaida. Wenye kuchelewa wanajijua. Walete.

Tunawaaga kwa upendo. Baba wa farasi, kwenye mkutano ujao ukae mbele. Safari hii hatutacheka.